Kuongezea Kazi ya Mwenzako Pia ni Kazi

Kuna watu wanaamini hujajenga kitu kama hukuanza na ukurasa mtupu. Nimeskia hiyo stori chuoni mpaka nikaacha chuo, na bado inanifuata huku nje. Juzi jamaa tuliyesoma naye kaniambia, "Wewe hutengenezi programu, unabandika tu juu ya za wengine." Sawa buda. Wacha nikuonyeshe vile kubandika huwa.

Kuna programu inaitwa LabVIEW, ya National Instruments, ilitoka 1986. Ndani yake huandiki mistari mirefu ya maneno, unachora. Unaweka visanduku, unaviunganisha na waya. Waya wa pinki unabeba maandishi, wa rangi ya chungwa unabeba namba zenye desimali, wa kijani unabeba ndiyo ama la. Watu wa maabara wanaipenda kwa sababu inaongea na vifaa vya kupima.

Ili iongee na kifaa, unahitaji draiva. Si yule wa matatu. Hii ni furushi la vipande vidogo vilivyochorwa tayari: kimoja kinafungua mawasiliano, kingine kinapanga kipimo, kingine kinasoma jibu, cha mwisho kinafunga. Mtu mwingine ashakesha juu yake, na wewe unakuja kuitumia.

Sasa, kuna fundi wa sola mtaani kwetu hununua betri zilizotumika, anazipima, nzuri anauza, mbovu anaweka kando. Ana mita ya mezani, 34401A ya zamani, ile iliyoanza na jina la HP, ikawa Agilent, leo ni Keysight. Laptopu yake yenye leseni inasoma volti poa kabisa. Shida ni kwamba mikono yake miwili imeshika nyaya za mita na macho yako kwa mita. Laptopu iko upande ule mwingine wa meza. Alitaka mita yenyewe imwambie betri ikiwa mbovu.

Draiva aliyokuwa nayo haikuwa na kipande cha kuandika maneno kwa skrini ya mita. Lakini mita yenyewe inaweza. Kitabu chake kinasema ukiituma DISP:TEXT na maneno yako ndani ya alama za kunukuu, inaonyesha mpaka herufi 12. Nikahesabu: BADILI BETRI, na nafasi ya katikati, ni 12 kamili. Nilicheka peke yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sikugusa draiva ya asili. Niliinakili yote nikaipa jina jipya, ndio toleo jipya likija lisifute changu, na pia mtu akitaka ile ya zamani aipate vile ilivyokuwa. Kisha nikachukua kipande kinachofanana na ninachotaka, nikakisoma waya kwa waya. Kila kimoja kina mtindo uleule: kifaa kinaingia kushoto kinatoka kulia, na makosa pia yanaingia kushoto yanatoka kulia. Nikaufuata. Kama kulikuwa na kosa nyuma, kipande changu hakitumi kitu, kinapitisha tu hilo kosa mbele. Baada ya kutuma, kinaiuliza mita SYST:ERR? na mita inajibu kama amri imekubalika.

Halafu kuna hii ya muhimu. Ukiandika maneno kwa skrini ya hiyo mita, yanakaa hapo, hata kipimo kipya kikifanywa. Maana yake fundi angeweka betri nzuri na bado asome BADILI BETRI. Betri nzuri ingewekwa kando, na hiyo ni pesa ya chakula. Kwa hivyo nilichora kipande cha pili, DISP:TEXT:CLE, kinachofuta skrini kabla ya kila betri mpya.

Vipande viwili tu, lakini ili kuvichora ilibidi nielewe mita, nielewe akili ya aliyechora kabla yangu, na nielewe siku ya kazi ya fundi. Ukurasa mtupu haungenifunza hiyo ya pili.

Na tuwe wakweli, sisi ni watu wa Nairobi. Matatu kali unayopigia picha, chasisi yake mara nyingi ni Isuzu. Bodi inajengwa hapa, rangi hapa, muziki hapa. Umewahi kuskia mtu akimwambia fundi wa bodi kwamba hajajenga kitu?

Kama unangoja wazo ambalo hakuna mtu ameligusa, utangoja sana. Tafuta kitu kinachofanya kazi lakini kimemwacha mtu mmoja nje. Kisome mpaka ukielewe, heshimu jina la aliyekianzisha, kisha ongeza kile kinakosekana. Na mtu akikuambia unabandika tu, muulize alisoma lini kazi ya mwenzake mpaka mwisho.