Alinigusa Nyuma

Yule mama hakunigusa. Kwa wiki sita nilisema alinigusa. Nilisema mbele ya kocha, nikarudia kwa mhudumu wa huduma ya kwanza, nikaupeleka uongo huohuo nyumbani kwa mke wangu, ambaye alinikanda paja kwa maji ya moto huku akimlaani mtu asiyemjua. Uliandikwa hata kwenye fomu: sentensi moja ya Kiingereza, kwa mwandiko wa mtu mwingine, na sahihi yangu chini yake.

Mimi ni mtu wa baiskeli, na kosa lilianzia hapohapo.

Nilikuwa na miaka 17 tulipotoka Burundi, Mei 2015. Tulilala ufukweni Kagunga pamoja na maelfu ya watu, meli ya Liemba ikatuvusha hadi Kigoma, tukapelekwa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Oktoba ya mwaka huohuo kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena, tukapakiwa kwenye mabasi kwenda Kibondo. Baiskeli niliipata mwaka uliofuata: Phoenix nyeusi, mimi nikiwa mmiliki wa nne au wa tano, mipira ya breki imeshakwisha. Siku za mgao nilibeba posho za majirani, unga, dengu na mafuta, kutoka kituo cha kugawia hadi mlangoni kwa mtu. Breki yangu ilikuwa ndala. Unashusha mguu, unabana soli kwenye tairi la nyuma, unasikia harufu ya mpira unaoungua, unasimama. Au husimami, unaingia kwenye mihogo ya mtu.

Milima ya Kibondo haina huruma kwa mwenye gunia nyuma. Unapanda ukiwa umesimama juu ya pedeli, jasho linaingia machoni, na vumbi jekundu linakuganda shingoni. Ukifika juu, basi. Unaacha kunyonga. Miguu inatulia, frii inalia tik-tik-tik, upepo unakukausha, na baiskeli inakwenda yenyewe. Ule mteremko ndio ulikuwa mshahara wangu wa kweli, maana hela zilizobaki mfukoni zilikuwa kidogo sana. Mjomba wangu naye alikuwa mmoja wa vijana wa ndizi wa Bugarama, wale wanaoshuka na barabara ya milimani hadi Bujumbura wakiwa na mikungu mizito nyuma, kisha wanarudi juu kwa kushikilia lori kwa mkono mmoja. Kwa hiyo kwetu baiskeli ni jambo la ukoo, na majivuno yake pia.

Nilifika Kanada mwaka 2022. Baiskeli nilimwachia baba, ambaye faili lake na langu hayakwenda pamoja. Nafanya kazi kwenye ghala, mkoa wa Ontario, na kwa miaka mitatu hakuna mtu kazini aliyewahi kuniuliza jambo ninalolijua kuliko yeye. Ndipo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza kwa Afrika. Wakati wa mapumziko tuliangalia kwenye simu. Watu walikuwa wakimtazama bingwa Pogačar, mimi natazama ile milima nyuma yake. Nikaanza kuongea, na sikunyamaza kwa wiki nzima. Nikawaambia kwetu mtoto anajua baiskeli kabla ya kujua kusoma, kwamba nilibeba kilo mia kwa ndala moja, kwamba hawa wa kwenye simu ni wazuri lakini wapewe gunia tuone. Mwishoni mwa Oktoba wakachanga, wakaninunulia masomo ya wanaoanza katika uwanja wa ndani wa baiskeli wa mji wa Milton.

Uwanja ule ulifunguliwa Januari 2015 kwa ajili ya Michezo ya Pan American ya mwaka huo. Nilipoambiwa tarehe hiyo nilipiga hesabu: Julai, wakati wanaume na wanawake wanashindania medali juu ya mbao zile, mimi nilikuwa Nyarugusu kwenye foleni ya maji. Njia yenyewe ina urefu wa mita 250, mbao tupu, nyembamba na ndefu, zimepangwa kama sakafu ya kanisa. Kwenye kona zinasimama nyuzi 42. Nduta nzima hakuna paa lililosimama hivyo. Ukiwa chini, unatazama juu kama mtu anayetazama ukuta na kuambiwa kwamba ile ndiyo barabara.

Na baiskeli zake hazina breki. Hilo halikunitisha, mimi mtu wa ndala. Lililopaswa kunitisha ni la pili: hazina frii. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli zinazunguka, na miguu imefungwa kwenye pedeli kwa viatu vinavyong'ata. Ukitaka kupunguza mwendo unazikataa pedeli pole pole kwa miguu, au unapanda juu kidogo ili mwinuko ukupunguzie. Kunyonga huachi, hata kwa sekunde moja. Filippo Ganna wa Italia alipokwenda kilomita 56.792 kwa saa moja kule Grenchen, Uswisi, Oktoba 2022, aliuzunguka uwanja wa urefu kama huu mara 227, na katika saa hiyo yote miguu yake haikupata hata mteremko mmoja wa kupumzikia. Michezo mingine ya Wazungu nimeizoea. Huu bado naona una ukatili ndani yake.

Kocha alimuuliza kila mtu: umewahi kuendesha baiskeli isiyo na frii? Tulikuwa saba. Sita walisema hapana. Mimi nikasema ndiyo.

Haukuwa uongo mtupu, na ndiyo maana ulinitoka kirahisi. Mwaka wa pili pale Nduta frii ya Phoenix ilikufa, ikawa inazunguka bure mbele na nyuma, na fundi mmoja wa mjini Kibondo akaichomelea ili niweze kurudi nyumbani. Nilipanda mara moja. Kwenye mteremko wa kwanza nikaacha kunyonga kama kawaida, pedeli zikanirusha kama punda, nikaamka na meno yana udongo. Kesho yake nikatafuta frii nyingine. Kwa hiyo nilipomjibu kocha ndiyo, nilikuwa najua kabisa kile ambacho baiskeli ya namna ile humfanyia mtu anayejisahau. Ningesema hilo, hadithi nzima, watu wangecheka na kocha angekaa karibu yangu. Lakini ndani ya hadithi ile mimi ndiye niliyeanguka.

Basi wale sita wakabaki chini wakijifunza kushika bomba la pembeni, kuondoka na kurudi kulishika. Mimi nikaruhusiwa mapema. Tunazunguka kinyume cha saa. Chini kuna ukanda wa buluu, juu yake mstari mweusi ambao ndio unaopimia zile mita 250, halafu mwekundu, halafu wa buluu juu zaidi. Anayempita mwenzake anapita kulia, upande wa juu. Kasi usiiache, kwa sababu kwenye kona hofu ndiyo inayoangusha: mtu anapunguza, matairi yanakosa nguvu ya kung'ang'ania mbao, anateleza hadi chini. Yote haya nilielewa, na mizunguko kumi ya kwanza nilikwenda vizuri, sijisifu. Nilikuwa juu ya mstari mwekundu. Nilisikia upepo.

Upepo ule ndio ulionimaliza. Nilitoka kwenye kona ya pili, baiskeli ikashuka kidogo kuelekea sehemu iliyonyooka, na mwili wangu ukasikia mteremko. Akili ilikuwa Milton, miguu ilikuwa Kibondo. Ikaacha kunyonga.

Pedeli hazikuacha. Zilinipiga kutoka chini, gurudumu la nyuma likaruka, usukani ukanikimbia kuelekea kulia. Na kulia, juu yangu, alikuwepo mama mmoja wa miaka kama 60, mmoja wa wale sita, ambaye naye alikuwa ameshapandishwa na sasa ameanza kunipita, mahali anapopaswa kupita na kwa namna anavyopaswa kupita. Nilimkata. Tulishuka wote wawili juu ya mbao, kelele yake siwezi kuielezea, na tulipofika chini yeye alikuwa ameshika bega na mimi nina kibanzi cha mbao kwenye paja chenye urefu wa kidole. Bega halikuwa bega. Ulikuwa mtulinga, umevunjika.

Kocha alikuja mbio. Akamwangalia mama kwanza, kisha akanigeukia: imekuwaje?

Nilisema, "Alinigusa nyuma."

Sikupanga. Lakini nilikuwa nimesikia dakika ishirini kabla kwamba kosa kubwa la wanaoanza ni kuingiza gurudumu la mbele kwenye gurudumu la nyuma la mwenzako, na yeye alikuwa anaanza, mimi nilikuwa nimeshasema sianzi. Wote waliamini papo hapo. Yeye mwenyewe aliamini. Akiwa amekaa sakafuni, uso mweupe kama unga, akaniambia pole. Akasema labda alinikaribia mno, hakuona vizuri. Aliniomba msamaha mara mbili, ya pili wakati anatolewa.

Ningeweza kusema pale. Ningeweza kusema baada ya robo saa, fomu ilipoletwa. Sijui kama mtu ambaye hajakaa kambini ataelewa hili, na silitoi kama udhuru. Kwetu, ukishasema jambo mbele ya mwenye kalamu, hulibadilishi. Unahojiwa leo, unahojiwa baada ya miezi minane, unahojiwa tena na mtu mwingine: mlivuka siku gani, mlikuwa wangapi, nani alitangulia. Wazee walitufundisha kushikilia neno la kwanza hata kama baadaye umekumbuka vizuri zaidi, maana anayerekebisha anaonekana mwongo kuliko anayedanganya. Baba yangu ndiye aliyenifanyisha mazoezi. Alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba, mimi nimesimama, akiniuliza maswali yaleyale jioni baada ya jioni, na nikiyumba kidogo alikuwa akisema neno moja: "Hapo ningekuuliza mara ya pili."

Fomu ya Milton haikuwa na uzito wowote wa namna ile. Hakuna aliyekuwa ananirudisha popote. Lakini mkono ulipoona mstari wa kutia sahihi ulitia sahihi.

Kazini nilipokelewa kama shujaa aliyeangushwa na bibi. Nilicheka nao. Yule mama hakurudi kwenye masomo yaliyobaki.

Mwezi wa Desemba nilimpigia baba. Mtandao wa Nduta ulikuwa mzuri jioni ile, jambo la nadra, na akataka kusikia habari za hiyo baiskeli ya ndani ya nyumba ambayo mke wangu alikuwa amemdokezea. Nikamweleza. Nikachangamka, nikamchorea kwa maneno: kona zinavyosimama, mistari, kwamba hakuna breki, na jinsi anayekupita anakuwa juu yako kabisa, begani, unaona kivuli chake kabla hujamwona yeye. Akacheka sana kuhusu kutokuwepo kwa frii. Aliikumbuka Phoenix na meno yangu ya udongo. Halafu nikamweleza ajali. Nikasema nilivyozoea kusema.

Akakaa kimya kidogo. Nilidhani simu imekatika.

"Huyo mama alikuwa anakupita?"

"Ndiyo, baba."

"Yuko juu yako, begani."

"Ndiyo."

"Sasa nyuma alikugusa na nini? Mwanangu, hapo ningekuuliza mara ya pili."

Hakuniuliza mara ya pili. Akauliza bei ya mchele huku, nikamjibu, tukaagana.

Jumanne iliyofuata nilimtafuta kocha kabla ya somo. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu yenye kambi ndani yake, na milima, na mjomba wa Bugarama. Alinisikiliza labda dakika moja, akanyanyua mkono. Akaenda kwenye kabati, akarudi na ile fomu. Alipitisha mstari mmoja juu ya sentensi yangu, mstari mwembamba, maandishi bado yanasomeka chini yake, akanisukumia karatasi na kalamu. Akasema nakala itatumwa kwa yule mama, kwa hiyo niandike vizuri, kwa mkono wangu.

Kwa Kiingereza ni maneno matatu. Kwa Kiswahili ni mawili: niliacha kunyonga. Nikaandika, nikaweka tarehe. Kocha akasoma, akaniambia nikakae na wanaoanza, nijifunze kushika bomba.