Dodoma: Glasi mkononi, macho jukwaani

Ukitua Dodoma usikimbilie bia. Jumamosi moja mshikaji wangu alinivuta hadi kibaa cha waini mtaani kwao. Mama mwenye baa hakuniuliza nataka ya nchi gani. Alinimiminia ya zabibu za hapahapa, zinazovunwa mara 2 kwa mwaka.

Uani vijana walikuwa na igizo: zabibu zimeiva, mnunuzi haonekani, mzigo unaozea shambani. Tulicheka weee, mwisho kimya. Aliyeigiza mkulima akaja kukaa mezani kwetu. "Kaka, yule ni mzee wangu kabisa, yuko Mpunguzi."

Mimi niliyezoea kuringia chupa za Afrika Kusini nikaona soni. Nikaagiza nyingine, ya nyumbani. Wewe je?