Kuuza Shamba ili Kupata Mrithi?

Iwapo umewahi kupanda gari la kutoka Morogoro mjini kwenda Matombo, umepita Mkuyuni. Ukishaiacha Kiroka nyuma, mafenesi, ndizi na mananasi huonekana yamepangwa kando ya barabara, na juu yake ipo milima ya Uluguru imejitanda mawingu. Huko mlimani kuna shamba la ukoo wa mke wangu. Lina mikarafuu, midalasini michache, na mipilipili manga iliyoparamia miti mingine. Mwaka juzi nusura kipande cha shamba hilo kiuzwe, na aliyetaka kiuzwe ni mimi.

Mimi ni fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha mjini Morogoro. Tulioana mke wangu akiwa na miaka 26. Leo ana 36, na hatujajaliwa mtoto. Kwa wasiofahamu mila zetu, sisi Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mwanamume asiye na mtoto hapungukiwi sana machoni pa ukoo wake, kwani warithi wake ni watoto wa dada zake. Mimi nina wapwa saba. Hakuna mzee wa kwetu aliyepata kuniuliza neno. Aliyeulizwa kila msiba na kila harusi ni mke wangu, binti pekee wa mama yake.

Naye akahangaika. Alianza kwa dawa za mizizi, akaendelea kwa mganga aliyetaka kuku mweusi na fedha juu yake, kisha hospitali. Akapimwa damu, akapigwa picha za mawimbi ya sauti, akaingizwa dawa katika mji wa mimba na kupigwa eksirei ili ionekane kama mirija ya uzazi imeziba. Haikuziba. Gharama hizo zote aliziandika katika daftari la shule la kurasa 48, kwa mwandiko mzuri, tarehe na kiasi. Nililisoma usiku mmoja yeye akiwa amelala. Jina langu halikuwamo humo hata mara moja, si kama mlipaji pekee, bali hata kama mgonjwa.

Hata hivyo sikushtuka ipasavyo. Nilikuwa nimesikia habari za kutungisha mimba nje ya mwili, nikapiga simu katika kliniki moja ya Dar es Salaam kuuliza bei. Nikaambiwa nijiandae na zaidi ya shilingi milioni 12 kwa jaribio moja, nauli na malazi mbali. Kwa mshahara wangu hiyo si fedha ya kuweka akiba. Ni fedha ya kuuza kitu. Basi Jumapili moja tukapanda Mkuyuni kumwomba mjomba wa mke wangu auze kipande cha shamba.

Mzee alitusikiliza mpaka mwisho, akiendelea kuchambua pilipili manga kwenye mkeka. Kisha akasema: "Mnataka kuuza shamba ili mpate mtoto wa kulirithi shamba. Akishazaliwa, atarithi nini?" Nikamwambia kwamba bila mtoto shamba litakosa mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Shamba halijakosa mwenyewe. Binti za mama yake mdogo wanazaa, na wale ni damu hiyo hiyo. Waliokosa mtoto ni nyinyi. Hayo ni mambo mawili, msiyachanganye." Halafu akanitazama. "Na wewe, mkwe wangu, walipokupima walisemaje?"

Sikuwa na jibu, msomaji wangu. Miaka yote hiyo nilikuwa sijapimwa. Nilijiona mzima kwa kuwa nina nguvu za mwanamume, kana kwamba nguvu na mbegu ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, tatizo liko kwa mume, ama peke yake ama kwa wote wawili. Kipimo chenyewe ni chepesi: mwanamume hujizuia kwa siku mbili hadi saba, hutoa manii, nayo hutazamwa kwa hadubini ili mbegu zihesabiwe na mwendo wake uonekane. Bei niliyolipa haikufika ya kuku mweusi wa mganga.

Majibu yalionyesha mbegu chache na dhaifu. Daktari akanikuta na mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani, jambo ambalo huwapata wanaume wengi bila maumivu yoyote. Hufanyiwa upasuaji, ingawa si kila anayepasuliwa hufanikiwa. Nami nilipasuliwa. Baada ya hapo ni kungoja miezi, kwa sababu mbegu moja huchukua zaidi ya siku 70 kukomaa.

Ile njia ya Dar es Salaam hatujaifuta. Tangu Louise Brown azaliwe Uingereza tarehe 25 Julai 1978, elimu hii imesambaa. Kampala walipata mtoto wa kwanza wa aina hiyo mwaka 2004, Nairobi mwaka 2006. Hata kwa mume mwenye mbegu chache, tangu mwaka 1992 imewezekana kuingiza mbegu moja tu ndani ya yai. Lakini ukilipa, unalipia jaribio, hulipii mtoto. Kwa wanawake wenye umri chini ya miaka 35 huko Uingereza, kiinitete kimoja kati ya vitatu hivi vinavyopandikizwa ndicho huishia katika mtoto aliye hai, na kadiri umri unavyozidi ndivyo nafasi inavyopungua upesi. Mke wangu ana 36. Kungoja nako kuna gharama yake, na hiyo haiandikwi katika daftari.

Mzee hakuuza ardhi, ila alituachia karafuu na pilipili za misimu miwili. Tumekubaliana kwamba fedha hizo pamoja na akiba ya kiwandani zikitosha, na majibu yangu ya pili yakiwa bado mabaya, tutajaribu mara moja. Hatutakopa kwa ajili ya mara ya pili. Kuliandika sharti hilo wakati mioyo imetulia kulikuwa rahisi. Sijui litakuwaje siku hiyo.

Jambo ambalo hatujapatana ni kuasili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu, kwa kupitia ustawi wa jamii na Mahakama Kuu. Mke wangu yuko tayari kwenda kuuliza hata kesho. Anasema amechoka kupimwa, hajachoka kulea. Mimi, nakiri mbele yenu, bado nasitasita. Tumeahidiana tulizungumze tena mvua za masika zikikatika.