Naenda Kikoba

Kikundi changu cha kwanza kilikufa wiki ya tatu, na aliyekiua ni mimi.

Ilikuwa Juni 2012, ile baridi ya Arusha ambayo Mlima Meru hauonekani wiki nzima na wauza kahawa hawapandishi bei kwa huruma tu. Nilikuwa nimetoka kusomea uuguzi wa afya ya akili Mirembe, Dodoma, na zahanati niliyopangiwa ilikuwa na chumba kitupu nyuma ya stoo ya dawa. Nikapanga viti tisa vya plastiki kwa duara. Waliokuja ni watu wazima tuliokuwa tukiwatibu mwaka hadi mwaka bila mafanikio: tumbo lisilopona, usingizi usiokuja, moyo kwenda mbio mlango ukigongwa. Ukikaa nao unakuta chini ya hayo yote kuna utoto. Baba mdogo. Mjomba. Mama wa kambo na mwiko uliotoka motoni.

Daftari langu la maelekezo lilisema kila mtu asimulie. Nikaanza na mzee mmoja fundi viatu kwa sababu alionekana mtulivu, nikambana kwa ule upole wetu wa manesi wa kuchoma sindano: tulia baba, kidogo tu. Akasema sentensi mbili kuhusu miaka aliyochunga ng'ombe wa watu. Halafu akaangalia viatu vya kila aliyekaa, jozi baada ya jozi, akainuka, akasema anakwenda msalani. Hakurudi. Kofia yake ilibaki kwenye kiti. Wiki iliyofuata walikuja wawili, na mmoja alikuja kuniaga.

Nikaitia kofia kwenye droo na kwa muda nikarudi kwenye vidonge.

Mwaka mmoja kabla yalikuwa yametoka matokeo ya utafiti wa taifa uliofanyika 2009, ambao UNICEF, wataalamu wa Muhimbili na wenzao wa Marekani waliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Wasichana karibu 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajatimiza miaka 18. Karibu robo tatu walipigwa, na kwa wengi hapo si kofi la kuonya. Ni ngumi, mateke na mijeledi. Kwenye semina kila mtu alizungumzia watoto, na ni haki: Sheria ya Mtoto ilikuwa bado mpya, madawati ya jinsia na watoto yalikuwa yanafunguliwa vituo vya polisi. Lakini mimi nilikuwa nikiwaona hawa wengine asubuhi, wakisubiri foleni na kadi za kliniki mkononi. Aliyehojiwa akiwa na miaka 24 leo amevuka 40. Ana watoto, ana mkopo, ana wakwe. Hakuna dawati lake.

Aliyefufua kikundi ni fundi cherehani mmoja, mmoja wa wale wawili. (Kazi na vijiji vyao nimevibadili, na wao wanajua.) Alinifuata dirishani akasema kwa sauti ndogo, "Sista, mume wangu alikuwa anauliza naenda wapi kila Alhamisi. Nilimwambia kikoba. Sasa anataka kuona pesa."

Tulicheka wote wawili. Kisha nikanunua sanduku.

Lilikuwa sanduku la chuma kama la kikoba chochote cha kuweka na kukopa, lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Kila Alhamisi shilingi elfu mbili kwa kila mtu, zinahesabiwa kwa sauti, zinaandikwa. Ukichelewa, faini mia tano. Msimamizi wangu alikuja kuona akanuna. Alisema pesa na tiba havikai chumba kimoja. Nusu alikuwa sahihi. Dereva mmoja wa daladala alikopa, akashindwa kurejesha kwa wakati, akaanza kutukwepa, nasi tukajikuta tunamdai mtu tuliyetakiwa kumponya. Tukafuta mikopo. Kwa hiyo kwa kweli kilikuwa kibubu cha pamoja. Kikoba lilibaki jina la kuagia nyumbani.

Lakini niliona jambo ambalo daftari halikuwa nalo. Mama mmoja muuza ndizi kutoka upande wa Tengeru kila wiki aliuliza, kabla hajakaa, "Yangu ni ngapi?" Mweka hazina anamsomea, naye anahesabu kwa vidole. Mtu huyu alikuwa amekabidhiwa kwa ndugu akiwa na miaka saba, na ndugu ndio waliomuumiza. Wiki ya sita hakuuliza. Nikadhani amekasirika. Wiki ya tisa ndipo alipofungua mdomo, akasema kwa dakika nne hivi, akajifunika kanga usoni, na hakuna aliyemgusa wala kumwambia pole ya haraka. Mweka hazina alisubiri, kisha akamsomea hesabu yake ingawa hakuiomba.

Nilikuja kupata moyo zaidi 2013, matokeo kutoka vijiji vya mashariki mwa Kongo yalipochapishwa. Wanawake 405 walioguswa na ubakaji wa vita waligawanywa kijiji kwa kijiji: wengine wakapata msaada wa mtu mmoja mmoja, wengine wakakaa vikundi vya watu sita hadi wanane chini ya wanasihi wa hukohuko, ambao elimu yao ilikuwa sekondari. Miezi 6 baadaye, waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 kwenye vikundi, dhidi ya 42 kwa wenzao. Kilichonishika ni kwamba hawakulazimishwa kusimulia tukio lenyewe. Walifanyia kazi mawazo yaliyobaki baada yake: nilijitakia, mimi ni mchafu, hakuna wa kuaminiwa.

Nasi tunaishi kwenye mji wa ushahidi. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa hadi 2015, na mashahidi wakatolewa mbali kuja kutamka mambo yasiyotamkika mbele ya mawakili. Hiyo ilikuwa na sababu yake, palikuwa na hukumu ya kuandikwa. Mimi nilikuwa nimemtendea fundi viatu kama shahidi, na chumbani mle hapakuwa na jaji.

Yeye alirudi miezi saba baadaye kuifuata kofia. Alitukuta tunahesabu. Akasimama mlangoni, akaivaa, akauliza, "Kiingilio bei gani?"

Alikuwapo siku dada mmoja, muuza mitumba, alipokuja na habari kwamba bibi yake amefariki. Mazishi Jumamosi, huko juu Meru. Mjomba wake ndiye mfiwa mkuu. Na mjomba ndiye.

"Nitamwamkiaje?" akauliza. "Nimwambie shikamoo?"

"Usiende," akasema dereva.

"Asiende kumzika bibi yake?" akasema fundi cherehani. "Ukoo utasemaje?"

Mimi nilikuwa na la kusema kuhusu mipaka, la kidaftari. Fundi viatu akaniwahi. "Mwanangu, msibani kuna poleni. Poleni ni ya benchi zima."

Tukapanga viti vitano kama chini ya turubai. Dereva akakubali kuwa mjomba, akanyoosha mkono. Mara ya kwanza dada aliganda. Mara ya pili alijaribu kusema, sauti haikutoka. Mara ya nne akapita na sinia la vikombe mikono yote miwili, akisema poleni, poleni jamani, bila kusimama. Tulipomaliza dereva aliomba maji anawe mikono. Alinawa muda mrefu, na sabuni.

Alhamisi iliyofuata dada alichelewa. Aliweka elfu mbili na mia tano juu ya meza kabla hajadaiwa.

"Nilisema poleni," akasema. "Akaniuliza, shikamoo imeishia wapi?"

Mweka hazina alikuwa ameshika kalamu hewani. "Ukamjibuje?"

"Nikamwambia chai inapoa."