Bolti ya Nusu Inchi

Mashine ya kusaga mahindi ikisimama siku ya soko, habari zake hufika kila nyumba kabla ya jua kutua. Ndivyo ilivyokuwa katika kijiji kimoja cha Kenya, ambako mashine kuukuu iliyotengenezwa Uingereza ilisimama kwa sababu ya bolti moja tu. Akina mama waliokuja na madebe yao wakakaa chini ya mti kungoja, na mwenye mashine akaenda mbio kwa fundi wa chuma, bolti mbili zikiwa mfukoni mwake. Hazikuwa na vichwa, bali zilikuwa na meno ncha zote mbili: ncha moja huingia katika mwili wa mashine, na nyingine huvishwa nati.

"Mzee," alisema, "hii ni ile ya asili, ilikatika mwezi uliopita. Na hii nilitengenezewa mjini, lakini meno yake yamekwisha. Zote ni nusu inchi. Nifanyie nyingine upesi, watu wananingoja."

Fundi hakufanya haraka. Alichukua rula, akailaza juu ya meno ya bolti ya asili, akahesabu. Katika inchi moja yalikuwamo meno 12. Akaipima ile ya mjini, akapata 13. Kisha akampa rula kijana anayejifunza kazi kwake ili ahesabu mwenyewe, maana jambo hilo haliaminiki mpaka mtu alione kwa macho yake.

Hapo ndipo penye taabu iliyowapotezea watu wengi fedha. Unene wa bolti ni jambo moja, na wingi wa meno yake ni jambo jingine. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alitoa shauri kwamba viwanda vya nchi yake vifuate kipimo kimoja cha meno ya skrubu, yenye pembe ya digrii 55, na bolti ya nusu inchi ikawa na meno 12. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia, huko Marekani, alileta kipimo chake cha digrii 60, na nusu inchi yake ikapata meno 13. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana juu ya kipimo kimoja cha digrii 60, lakini mashine zilizokwisha kutengenezwa hazikusikia mapatano hayo. Juu ya hayo yote vipo vipimo vya milimita: bolti ya milimita 12 ya kawaida ina nafasi ya milimita 1.75 toka jino hadi jino, tena ni nyembamba kuliko nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Bolti ya robo inchi ya Whitworth na ile ya Marekani zina meno 20 sawasawa, na huenda hilo ndilo linalowafanya mafundi wengine wadhani kwamba saizi zote ni hivyo.

Nati ya meno 12 ikivishwa bolti ya meno 13 huingia vizuri mizunguko miwili hivi, halafu hukaza. Fundi asiye na subira hudhani ni kutu, akachukua spana ndefu. Nati huingia, naam, lakini huingia kwa kuyavunja meno, na yale yanayobaki hayawezi kustahimili mtikisiko wa mashine. Kwa bahati njema ncha ya pili haikulazimishwa sana. Kama lile shimo la chuma cha kuyeyusha lingaliharibika, taabu ingalikuwa kubwa kuliko bolti.

Kijana akafungua sanduku la vifaa. Chombo cha kukatia meno ya nje mafundi hukiita dai: kipande cha duara cha chuma kigumu sana, chenye tundu la meno makali katikati, na vitundu vingine kando yake vya kupitishia chenga. Mkono wake ukaangukia kwanza dai ya pembe sita.

"Iache hiyo, kijana wangu," alisema mzee. "Hiyo huzungushwa kwa spana kusafisha meno yaliyochakaa. Haifai kuanzia meno mapya. Nipe ile ya duara yenye ufa, iliyoandikwa nusu na 12."

Ule ufa ndio faida ya dai ya namna hiyo. Mpini wake una skrubu tatu. Ile ya katikati, yenye ncha kali, huingia ufani na kuipanua dai. Zile mbili za kando huibana. Mzee aliipanua kidogo kwa ajili ya mkato wa kwanza. Shimo la mashine na nati havibadiliki kwa urahisi. Bolti ndiyo inayopunguzwa polepole hata iingie.

Kijana alileta kipande cha ekseli ya gari, akaambiwa akirudishe. Chuma kile ni kigumu, na kingeng'oa meno ya dai kabla ya kukatwa chenyewe. Walichukua ufito wa chuma laini, pungufu ya nusu inchi kwa sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Wakaufunga wima katika jiliwa na kupiga tupa kuizunguka ncha, mpaka ikawa kama penseli iliyochongwa vibaya. Dai haiingii juu ya ncha iliyo butu. Huteleza, au hukaa upande.

Kukaa upande ndilo kosa lisilotengenezeka. Kwa kawaida uso wa dai wenye maandishi ndio unaotangulia, kwa kuwa meno yake ya mwanzo yamepunguzwa ili yaume taratibu. Kijana aliikandamiza kwa mikono miwili, akazungusha mara mbili, kisha mzee akamsimamisha. Wakatazama mpini kutoka mbele, wakatazama tena kutoka ubavuni. Ulikuwa umeinama kidogo, basi akairudisha dai na kuanza upya.

Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kukandamiza, kwa sababu dai hujivuta yenyewe. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na tone la mafuta kila mara. Ile robo ya kurudi nyuma huwachosha wanafunzi, nao huiona ni kupoteza wakati. Lakini chenga isipokatwa hujikunja ndani ya dai, ikayakwaruza meno mapya au kuivunja dai yenyewe. Mafuta nayo yana mahali pake: chuma hutaka mafuta, aluminiamu hupendelea mafuta ya taa, na shaba ya manjano hukatwa kavu.

Mwenye mashine alikuja mara mbili kuchungulia mlangoni. Mara ya pili nati ilikuwa imejaribiwa ikakataa kuingia.

"Mbona haiingii?" aliuliza kwa hofu.

"Ndivyo nilivyotaka," mzee akamjibu.

Akailegeza skrubu ya katikati, akazikaza zile za kando kiasi kidogo sana, na kijana akaipitisha dai mara ya pili. Safari hii nati ilishuka kwa vidole hadi mwisho wa meno, bila kutikisika. Wakaugeuza ufito na kukata ncha ya pili vivyo hivyo, wakiipima kwa nati ile ile.

Mwenye mashine alilipa, akaondoka karibu mbio. Kijana akaifuta dai kwa brashi, akaipaka mafuta, akaifunga katika kitambaa peke yake. Kabla ya kulifunga sanduku alichukua msumari, akakwaruza 12 juu ya kifuniko. Alikuwa bado akiupuliza unga wa rangi ngumi za mashine ziliposikika ng'ambo ya soko.