Rangi Yetu, Uzi wa Wengine

Kazi yangu ya kwanza haikuwa na mshahara. Nilikaa barazani kwa baba, kijijini karibu na Tororo, nikitenga pamba: safi huku, fifi kule. Safi ni ile nyeupe isiyo na jani wala doa. Fifi ni iliyonyeshewa au kuharibiwa na wadudu, na bei yake haikutosha hata kuzungumzwa. Kazi hiyo ilipewa watoto kwa sababu ya vidole vyao. Mpaka leo nikishika kitambaa, kidole gumba hutafuta doa kabla ya macho.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Uganda ilikuwa ikitoa zaidi ya marobota 400,000 kwa msimu, robota moja kilo 185, na sisi watu wa wilaya ya Bukedi tulijiona ndio tulioibeba nchi. Pamba ilikwenda kinuni, mbegu zikatolewa, theluthi moja tu ya uzito ikabaki kuwa nyuzi, marobota yakapandishwa treni, basi. Hatukuyaona tena. Nyumba iliyokuwa na pamba hadi darini ilinunua kitambaa cha marekani dukani, tena kwa kukopa. Siku zile hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na biashara nyingi zilikuwa zao. Baada ya hapo mkulima alipeleka pamba akarudi na karatasi badala ya pesa. Ikaja miaka ya magendo: kahawa ilivushwa usiku kwenda Kenya, sabuni, chumvi na vitambaa vikarudi kwa njia za panya. Baba aling'oa pamba akapanda muhogo. Muhogo, alisema, hata usiponunuliwa utaliwa.

Niliolewa Samia, upande wa Kenya, ambako mashemeji zangu nusu wako Uganda na nusu hapa, na kwenye matanga hakuna anayeulizana kitambulisho. Hapa ndipo nilipojifunza kufuma, katika kituo cha akina mama cha kanisa. Kitanda cha mfumi kilichongwa na seremala wa mtaani kwa mbao za mkaratusi, na kilipiga kelele kila mguu ulipokanyaga. Mama aliyetufundisha hakuruhusu mtu aguse mshindio kabla hajatandika mtande mara nyingi na kuufumua. Nilimchukia kwa miezi kadhaa. Sasa mimi ndiye ninayechukiwa.

Rangi ilinijia baadaye, kwa sababu ya umaskini na wala si mapenzi ya mazingira. Rangi za dukani zilipanda bei, na sokoni Busia maganda ya vitunguu yalikuwa yakifagiliwa bure. Ninawaachia magunia wauza mboga asubuhi, jioni naenda kuyachukua yamejaa. Maganda ya kitunguu hutoa rangi ya dhahabu iliyoiva. Majani ya mwembe hutoa njano tulivu. Kokwa za parachichi, ukizichemsha taratibu bila pupa, hutoa waridi ambalo wageni hawaamini. Manjano ya jikoni hupendeza siku ya kwanza, kisha jua huyala. Simuuzii mtu kitu hicho.

Lakini pamba si sufu. Haipokei rangi kirahisi, na anayekuambia chemsha tu uzi na majani hajawahi kufua alichokitia rangi. Kwanza uzi uchemshwe kwa magadi na sabuni mpaka nta yake itoke na maji yageuke kama chai ya rangi. Kisha ulale usiku kucha katika maji ya majani yenye ukakasi, kwa kuwa ukakasi ndio unaoshika. Kisha shabu, ileile ambayo vinyozi wa zamani walipaka mtu aliyekatwa na wembe. Hapo ndipo rangi inapopata pa kukaa. Ukitaka kuitia giza, kuna debe langu la misumari iliyooza kwa kutu ndani ya siki: chovya kidogo, na dhahabu inakuwa rangi ya udongo wa kinamasi, zidisha, uzi unakatika.

Sitaki nisifiwe kupita kiasi. Kazi hii hunywa maji na kula kuni. Wageni wanaposema rangi za asili haziumizi dunia, mimi huangalia rundo la kuni. Ndiyo maana sibandui magome ya miti, natumia majani na taka za sokoni, na maji ya shabu hutumika tena mpaka yachoke.

Jambo linaloniuma ni jingine. Viwanda vya nguo vya Kisumu na Eldoret viliposimama karne iliyopita ikielekea ukingoni, uzi wa pamba tulianza kuufuata Nairobi, na mwingi ulikuwa wa India. Rivatex, kiwanda cha Eldoret, ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na ikafunguliwa upya mwaka 2019, nikashangilia, ila mfumaji wa kilo chache si mteja ambaye kiwanda kinamngoja mlangoni. Hivyo mimi, binti wa wakulima wa pamba, katika nchi ya pamba, natia maganda ya vitunguu vya Busia kwenye uzi uliovuka bahari. Na pembeni yangu sokoni kumepangwa milima ya mitumba, nayo pia ni pamba ya watu wengine.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Busia mwaka 2018, navusha mzigo kwa cheti chepesi cha uasili, kile cha bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000. Afisa hufungua gunia, anapapasa shuka.

"Mama, hizi zimetengenezwa wapi?"

"Nyumbani, mwanangu. Kwa mikono hii."

Anagonga muhuri. Ni kweli tupu niliyomwambia. Hajauliza habari ya uzi.

Kitambaa kimoja tu sokoni hakinipi shaka hiyo, nacho ni lubugo, nguo ya gome la mutuba itokayo Buganda, ambayo UNESCO iliitambua. Gome linabanduliwa, shina linafungwa majani ya mgomba, na mti unaota gome jingine. Hakuna kusokota wala kufuma; ni nyundo tu na mgongo wa mtu. Lubugo siufumi wala kuutia rangi, lakini nauweka mezani kwangu kwa heshima. Vilevile mikeka ya mafunjo ya kinamasi cha mto Sio, ambayo jirani zangu huisuka na ambayo huuzika kuliko shuka zangu.

Mwaka jana mnunuzi mmoja kutoka Nairobi alitaka shuka nyingi kwa duka lake. Alizipenda, bei hakuibishia, ila alitaka kila lebo iandikwe "pamba ya Busia". Nikamwambia naweza kuandika imefumwa Busia, na rangi ni ya Busia. Akasema wateja hawatajua tofauti. Nikamwambia baba yangu angejua. Akafikiri kidogo, akanunua mikeka ya mafunjo.