Pipa la Maji Uani Kitale

Mpwa wangu wa Bungoma anataka kununua boti ya abiria pale Port Victoria. Majuzi aliniuliza kama lile duka la injini la Kitale bado lipo. Lilishabomolewa, hapo sasa pana ghorofa la simu na vipodozi. Ghorofa lenyewe naweza kulivumilia. Kilichonichoma ni kwamba kijana ameshaamua kufunga injini mbili za farasi 15, na ukimwuliza sababu, anakwambia, "Mjomba, mbili zinapendeza."

Mwenye duka lile alikuwa Kalasinga mzee, mfupi wa maneno, mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni. Wageni walishangaa: injini za boti katika mji wa mahindi, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari? Lakini njia ya Ziwa Turkana inaanzia hapo. Aliyekwenda Kalokol kufuata samaki alipita Kitale, Kapenguria, Marich, kisha Lodwar, na asiponunua plagi kwa mzee huyu angenunua wapi? Nazungumzia 1979. Dada yangu anashikilia ni 1981, eti anakumbuka sare aliyokuwa amevaa. Basi na ashinde yeye.

Uani kulikuwa na pipa lililokatwa juu, limejaa maji, na ubao umekazwa ukingoni. Injini ilifungwa pale, mzee akavuta kamba, maji yakaturukia viatuni, na moshi wa petroli iliyochanganywa na oili ukatanda mpaka kwa mshonaji wa jirani. Mshonaji alitukana kila siku; sisi watoto tuliuvuta kwa raha.

Injini ikiwashwa Kitale huguna kama mgonjwa. Hewa ni nyepesi, mafuta yanaizidi. Wateja walidhani wanauziwa mbovu, wakamtaka abane mafuta kwenye kabureta. Alikataa katakata. "Turkana iko chini, hewa yake nzito. Nikibana hapa, pistoni itaungua kule." Ziwa lile liko mita 360 na ushei tu, kwa hiyo alijua alisemalo.

Mteja aliyetaka injini mbili aliulizwa swali moja: "Tangi ngapi?" Akisema moja, mzee alirudi kwenye supana zake. Maji yakiingia kwenye tangi hilo, zote mbili zinazimika, na ulichonunua ni uzito. Tena boti iliyopangiwa mbili, ikibaki na moja, mara nyingi haifikii hata nusu ya mwendo wake. Hujikokota huku ikivuta upande. Yeye alipenda moja kubwa katikati ya tezi, na pembeni ndogo ya akiba yenye mafuta yake mwenyewe, iwashwe mara kwa mara isije ikagoma siku ya shida. Upepo wa Turkana hauna mzaha. Wazungu wawili wa msafara wa utafiti ulioongozwa na Mwingereza Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini mwaka 1934, hawakuonekana tena.

Baadaye Wanorwe walijenga kiwanda cha samaki Kalokol, lami ikafika Lodwar, ghuba ya pale ikakauka, Wanorwe wakaondoka. Mzee akafa, wanawe wakahamia ng'ambo. Miaka iliyofuata sina la kusimulia.

Siku hizi injini inaagizwa kwa simu. Muuzaji anajua bei na rangi, hakuulizi unakwenda ziwa gani wala utabeba watu wangapi. Petroli nayo inauzwa ufuoni kwa madumu, na maji ndani yake ni ya bure.

Kwa hiyo, mpwa wangu na wenzako: kabla ya injini ya pili ya mapambo, nunueni chujio la kutenganisha maji na mafuta, jaketi la kuokolea kwa kila abiria, na injini ndogo ya akiba. Mkishikilia mbili zinazolingana, basi ziwe na matangi mawili.